Mradi unataka kuandika kabila letu kwenye taarifa za kliniki: tukubali?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni binti wa Kibarbaig, nina miaka 24, naishi Kilwa na ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wazazi wangu walifika huku na ng'ombe baada ya kutolewa Ihefu. Sasa umekuja mradi unaotaka kuunganisha taarifa za zahanati yetu na orodha ya maboma, kisha zitumiwe kwa pamoja na halmashauri na watafiti wa chuo, ili ijulikane kwa nini akina mama wetu wengi wanajifungulia nyumbani na watoto wanakosa chanjo. Fomu inauliza jina, kabila, lugha, simu ya mwenye boma, mahali boma lilipo kwa ramani ya simu, na idadi ya ng'ombe. Wazee wamekataa. Wanasema kila tulipohesabiwa kilichofuata ni kuhamishwa au kutozwa. Muuguzi anasema bila takwimu hatuletewi huduma. Mimi nimeambiwa niwashawishi. Sensa yenyewe haikuuliza kabila, zahanati iulize kwa nini? Na taarifa zikishafika Dodoma, si kila mtu atatujua? Nikikosea hapa nitakuwa nimewauza watu wangu."

Marahaba, mwanangu. Umebebeshwa mzigo usio wako. Kuwafafanulia wazee kilichoandikwa kwenye fomu, hilo unaliweza kuliko mtu yeyote wa mradi ule. Kuwashawishi wakubali ni kazi ya wenye mradi wenyewe: waje bomani, wakae chini, waulizwe, wajibu. Ukibanwa, sema hivyo kwa adabu na usirudi nyuma.

Hofu ya wazee nayo usiichukulie kama ukaidi wa watu wasiosoma. Familia nyingi za wafugaji mnaoishi nazo mkoani Lindi zilifika baada ya mifugo kuondolewa Ihefu na Usangu, mkoani Mbeya, mwaka 2006 na 2007. Mzee aliyepita njia ile anajua kwa mwili wake kwamba orodha inaweza kuandikwa kwa nia moja na kutumiwa kwa nia nyingine. Mtaalamu wa takwimu akimkuta mzee huyo na kuanza kumweleza faida za data kabla ya kumsikiliza, amekwama kabla hajaanza.

Sasa nianze na linalowatisha bila sababu, kisha nije kwa lile lenye sababu.

Majumuisho ya kawaida ya zahanati hayawapeleki Dodoma kwa majina. Unavijua vile vitabu vikubwa vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya: cha 6 cha wajawazito, cha 12 cha waliojifungua. Humo mna jina la mama, kijiji au kitongoji, jina la mwenza, hata la mwenyekiti wa kitongoji. Kabila halimo. Mwezi ukiisha, muuguzi anahesabu, anajaza fomu ya majumuisho, fomu inakwenda halmashauri na kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, ambao ulikuwa umeenea nchi nzima kufikia mwisho wa 2013. Aliyeko Dodoma anaona kwamba zahanati fulani, mwezi wa Machi, walijifungua akina mama 14. Hamuoni mama yako.

Mradi wenu ni kitu kingine kabisa, na hapa wazee wana hoja. Kuunganisha taarifa maana yake ni kuchukua mstari wa mtu mmoja kwenye kitabu na kuufunga na mstari wa boma lake kwenye orodha nyingine. Matokeo yake ni taarifa ya mtu, inayoonyesha alipo, simu yake na mali yake. Kufuta jina hakutoshi. Ukisoma "msichana wa miaka 15, mjamzito, Mbarbaig, kitongoji fulani", na kitongoji hicho kina maboma matatu, nani hapo kijijini hatamjua? Jamii ikiwa ndogo, wachache wao wanatambulika hata bila jina. Ndiyo maana kwenye kazi hii tuna desturi ya kutochapisha namba ya kundi la watu wachache sana, chini ya watano kwa mfano, au tunaunganisha vitongoji kadhaa kwanza. Waulize wenye mradi kama wanaifuata. Wasipojua unazungumzia nini, hiyo ni dalili mbaya.

Kuhusu sensa, uko sahihi. Sensa ya mwisho nchini kwetu kuuliza kabila ni ya mwaka 1967. Nchi ilichagua kujenga taifa moja na mimi naona uchaguzi ule ulitufaa sana. Ila una gharama yake: leo hakuna anayeweza kufungua takwimu za kawaida za nchi akajua kama watoto wa Kibarbaig walioko Kilwa wanapata chanjo sawa na wa majirani zao Wamatumbi au Wamachinga. Pengo lipo, lakini halionekani.

Halionekani kwa sababu wastani unalifunika. Tuseme zahanati yenu ilikuwa na wajawazito 200 mwaka jana, na 160 kati yao wakajifungulia kituoni. Hiyo ni asilimia 80, na kikao cha halmashauri kitapiga makofi. Tuseme tena kwamba 30 kati ya wale 200 walitoka mabomani, na waliojifungulia kituoni ni sita tu. Hiyo ni asilimia 20. Waliobaki, 154 kati ya 170, ni zaidi ya asilimia 90. Namba zote tatu ni za kweli kwa wakati mmoja, lakini inayofika juu ni ile ya kwanza. Mfugaji hawezi kusema kundi langu lina afya kwa wastani wakati anamwona mtamba amelegea pembeni. Takwimu za afya zinasema hivyo kila mwezi.

Kuna jambo jingine lililojificha zaidi, na nakuomba ulielewe vizuri kwa sababu ndilo linaloamua chanjo ngapi zinafika kwenye jokofu lenu. Asilimia ya chanjo ni watoto waliochanjwa wakigawanywa kwa walengwa. Wale walengwa hawahesabiwi mlango kwa mlango kila mwaka; wanakadiriwa kutokana na sensa. Sensa ya 2022 ilimhesabu kila mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia Agosti 23, na Agosti ni kiangazi. Familia iliyokuwa imehama kufuata maji na malisho imehesabiwa huko ilikokuwa, pengine wilaya nyingine. Masika ikirudi Kilwa na watoto wanne wakachanjwa, watoto hao wanaingia kwenye idadi ya waliochanjwa, lakini kwenye idadi ya walengwa hawamo. Asilimia inapanda, wakati mwingine inapita 100, na mpangaji anaona hapa hakuna shida. Wasipofika kabisa, hawamo juu wala chini ya mgawanyo, na bado mpangaji anaona hapa hakuna shida. Kwa hiyo wazee wakisema kutoandikwa ni usalama, wana haki nusu. Nusu ya pili ni kwamba asiyeandikwa hapangiwi chochote.

Je, dawa yake ni kuandika kabila? Hapa natofautiana na mradi wenu.

Kabila halimzuii mama kufika leba. Kinachomzuia ni umbali, ni mto uliojaa, ni kuhudumiwa kwa lugha asiyoisikia vizuri, ni mume aliye mbali na kundi na ndiye mwenye fedha za usafiri, ni kukumbuka alivyosemwa mara ya mwisho mbele ya wenzake kwenye benchi. Hebu chukua umbali peke yake. Utafiti uliofanywa kwa kuhesabu kaya katika wilaya tano za Lindi na Mtwara mwaka 2007 ulionyesha kwamba vifo vya akina mama vitokanavyo moja kwa moja na uzazi vilikuwa takribani mara nne zaidi kwa walioishi zaidi ya kilomita 35 kutoka hospitali, wakilinganishwa na walioishi ndani ya kilomita tano. Walioathirika hapo ni watu wa makabila yote ya kusini waliokuwa mbali. Ukiandika "Mbarbaig" ukaishia hapo, msomaji mvivu atahitimisha kwamba mila zenu ndizo tatizo. Ukiandika "saa nne kwa miguu, hasikii Kiswahili", msomaji yuleyule anajua la kufanya.

Niliwahi kupitia kitabu cha wajawazito katika zahanati moja ya mkoa huu ambapo safu ya kijiji na kitongoji ilikuwa imejazwa vizuri kabisa mstari kwa mstari, hadi ukifika kwa akina mama fulani imeandikwa neno moja tu: "wafugaji". Hakuna kitongoji, hakuna jina la mwenyekiti. Mama kama huyo akikosa hudhurio la pili, nani atamfuata, na atamfuata wapi? Kabila lake lilikuwa limeshaandikwa tayari kwa namna yake, na halikumsaidia chochote. Kilichokosekana ni mahali anapopatikana.

Kwa hiyo maoni yangu kuhusu fomu yenu, safu kwa safu, ni haya. Lugha anayoielewa mama vizuri: iandikwe, tena iandikwe hata kama mradi hautakuwepo, kwa sababu inamwambia muuguzi leo hii amwite mkalimani. Kitongoji: kiandikwe kwa jina mnalolitumia nyinyi. Muda wa kufika kituoni kwa miguu au kwa bodaboda, kiangazi na masika: uandikwe, nao unatosha kabisa badala ya kuchora boma kwenye ramani ya simu. Simu: ya mama au ya mtu aliyemchagua mwenyewe, ikae zahanati kwa ajili ya kumfuatilia, isiende kwa watafiti. Idadi ya ng'ombe: ifutwe. Sioni hoja yoyote ya uzazi wala chanjo inayoihitaji, na ndiyo safu inayowatisha wazee kuliko zote. Kabila: mimi ningeliacha, isipokuwa wazee wenyewe watake lionekane ili wapate hoja ya kudai haki yao, na hapo liandikwe kwa jina mnalojiita, lisiwe lile mnaloitwa na majirani.

Wenye mradi wanaweza kukujibu kwamba wanahitaji kujua habari za mifugo kwa sababu ya magonjwa. Hilo lina ukweli wake, na usilikatae lote. Ugonjwa wa brusela, ule unaofanya ng'ombe watupe mimba, unampata binadamu kwa maziwa mabichi na kwa kushika kondo la ng'ombe anapozaa. Unaleta homa inayokuja na kuondoka, jasho usiku, maumivu ya viungo na mgongo. Mtu anapimwa malaria, kipimo kinasema hakuna, anarudi nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu, baada ya wiki tatu amerudi tena. Taarifa zikikusanywa vizuri zikaonyesha kwamba homa zisizo malaria zimejazana kwenye maboma, halmashauri ina sababu ya kutafuta kipimo na kuwaleta watu wa mifugo pamoja na wa afya. Lakini swali la kuuliza hapo ni "mnakunywa maziwa bila kuchemsha?" na "kuna ng'ombe waliotupa mimba mwaka huu?" Ng'ombe wangapi, halihitajiki.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba kisichoandikwa hakivuji. Nasema hivi kwa sababu sitaki kukudanganya kuhusu sheria. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume yake. Sheria hiyo inaziweka taarifa za afya na za asili ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa kawaida inataka ridhaa ya maandishi kabla ya kuzichakata, na ridhaa hiyo unaweza kuiondoa wakati wowote bila kutoa maelezo. Ina milango yake ya kipekee isiyohitaji ridhaa hiyo, hasa kwa matibabu yenyewe, lakini utafiti wa kuunganisha taarifa namna hii unapaswa pia kuwa na kibali cha maadili, na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ndiyo inayosimamia jambo hilo nchini. Ombeni kukiona kibali hicho, na karatasi ya ridhaa isomwe kwa lugha yenu kabla mtu hajaweka dole gumba. Hayo yote ni kinga ya kweli. Hata hivyo karatasi haimzuii mtu mwenye nia mbaya na nakala mkononi. Inakupa tu mahali pa kumshtaki baadaye.

Yamewahi kutokea kwa wenzetu wenye mifumo mikubwa kuliko yetu. Uingereza, kuanzia Januari 2017, kulikuwa na makubaliano yaliyoiruhusu Wizara ya Mambo ya Ndani kupata anwani za wagonjwa kutoka kwenye taarifa za huduma ya afya ili kuwatafuta wahamiaji. Madaktari na wabunge walipinga kwamba wagonjwa wataogopa kwenda kutibiwa, na mwaka 2018 yakasitishwa. Marekani, watu wa Havasupai wanaoishi kwenye bonde la Grand Canyon walitoa damu ili ichunguzwe kisukari, kumbe ikatumika pia kwa tafiti za magonjwa ya akili na za asili yao bila wao kujua. Walishtaki, wakalipwa mwaka 2010 na damu yao ikarudishwa. Wazee wako hawajaota.

Lakini Uingereza hiyohiyo inaonyesha upande wa pili. Mwaka 2020, watafiti wa mradi uitwao OpenSAFELY walichambua taarifa za watu wazima zaidi ya milioni 17 na kuonyesha kwamba Weusi na watu wenye asili ya Asia ya Kusini walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa kwa UVIKO, hata baada ya kuzingatia umri na magonjwa mengine waliyokuwa nayo. Bila taarifa za pamoja jambo hilo lingebaki minong'ono. Na angalia walivyofanya: taarifa hazikugawiwa kwa watafiti. Zilibaki palepale zilipohifadhiwa, mtafiti akatuma maswali yake, akarudishiwa majibu ya jumla. Hilo linawezekana hata Kilwa, tena bila mitambo ya ajabu. Anayeshika vitabu vya zahanati, chini ya mganga mfawidhi, ndiye anayeunganisha. Chuo kinaleta maswali na kupokea majedwali yasiyo na majina. Nakala haitoki nje ya halmashauri.

Halafu kuna suala la nani mwenye sauti. Wasan, jamii ya asili ya Afrika Kusini, walichoka kufanyiwa utafiti na mwaka 2017 wakatoa kanuni zao wenyewe za maadili ambazo mtafiti anatakiwa kuzikubali kwanza. Nyinyi hamna haja ya kuandika kitabu. Mnahitaji makubaliano ya ukurasa mmoja yanayosema taarifa gani, kwa kazi gani, anazishika nani, zitafutwa lini, na zitarudi lini kwenu kama majibu. Hili la kurudi lipigwe mstari. Wangapi wamekuja kuuliza huko mabomani na hawajaonekana tena? Dai kwamba kila baada ya miezi mitatu, mkutano mkuu wa kijiji unapokaa, namba zisomwe hadharani na ziseme kilichobadilika. Dai pia mtu wa mabomani, ikiwezekana mwanamke, aingie kwenye kamati ya zahanati, maana tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha zinakuja moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo na mpango wa matumizi unapitia hapo. Namba zenu zikionyesha maboma manane yako mbali, kamati ndiyo inayoweza kutenga mafuta ya pikipiki kwa kliniki ya mkoba, yaani wahudumu kuwafuata watu waliko. Pasipo mtu wenu mezani, namba hizo zitasomwa na kufungwa.

Muuguzi aliyesema bila takwimu hamletewi huduma, mwambie kwa upole kwamba amechanganya mambo mawili. Takwimu zinasaidia kupanga. Haki ya kuhudumiwa haitegemei kujaza fomu ya mradi. Mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano wanahudumiwa bure kwa sera ya nchi, awe amesaini au hajasaini. Na hilo walijue wazee kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu ridhaa inayotolewa kwa kuogopa kunyimwa chanjo si ridhaa.

Wakubali nini basi? Kama mradi utakubali kupunguza fomu, kuziacha taarifa ndani ya halmashauri na kuandika yale makubaliano, mimi ningewashauri wazee wakubali, na waanze na msimu mmoja, kisha waangalie kama kliniki ya mkoba imefika. Kama mradi unasema fomu ni hii hii au hakuna, wakatae bila kuona aibu. Wewe binafsi unaweza kufanya kitu kilekile kwa kiasi kidogo bila mradi: shirikiana na muuguzi kujaza safu ya kitongoji na lugha kwa kila mama, na kila mwezi hesabuni waliotoka mabomani peke yao. Daftari moja linatosha, na lifungiwe kabatini zahanati, usikae nalo nyumbani.

Kuna mambo ambayo usisubiri ushauri wa maandishi. Ukiambiwa mama amerudishwa kwa sababu hajasaini, nenda kwa mganga mfawidhi, na asipokusikia fika kwa Mganga Mkuu wa Wilaya mwenyewe. Ukiona orodha ya maboma mikononi mwa mtu asiye wa afya, mtafute msaidizi wa kisheria aliye karibu siku hiyohiyo na mpeleke malalamiko kwenye Tume. Mtu mwenye homa inayorudirudi na vipimo vya malaria visivyoonyesha kitu apelekwe hospitali ya wilaya, aeleze wazi kwamba anaishi na ng'ombe na anakunywa maziwa mabichi, maana daktari asipoambiwa hatakisia. Na mama akianza kutoka damu, kuumwa kichwa kikali au kuona ukungu akiwa bomani, piga 115 ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ni bure. Taja kitongoji, na njia ambayo gari linaweza kupita msimu huo.